Motokari ya zamani inauzwa pamoja na historia yake: Datsun 240Z, matope ya Safari, na sisi wa Maniema

Mwezi wa Januari 2020, huko Marekani, motokari moja aina ya Datsun 240Z ya mwaka 1970 iliuzwa kwa mnada kwa dola 310,000. Si elfu thelathini na moja, wasomaji wapendwa. Ni elfu mia tatu na kumi. Ilipokuwa mpya dukani, bei ya motokari ya aina hiyo ilikuwa dola 3,526. Hata ukihesabu kwamba dola ya wakati ule ilikuwa na nguvu kuliko ya leo, bei ile ya kwanza ni sawa na dola 23,000 hivi za mwaka ule wa mnada. Yaani mwenye kuiuza alipata zaidi ya mara kumi na tatu ya thamani yake ya upya, kwa kitu chenye umri wa miaka hamsini.

Hapa kwetu, kati ya Kasongo na Kabambare, mtu akisikia bei hiyo atacheka kwanza. Kisha atauliza: ina dhahabu ndani? Haina. Ni chuma, kioo na mpira. Ilikuwa haijafikisha kilomita 40,000, rangi yake ilikuwa safi, na watu walijua ilipotoka na ilivyotunzwa. Lakini kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa Marekani hawalisahau na sisi tumelisahau: sehemu kubwa ya jina la motokari hii ilijengwa Afrika ya Mashariki, kwenye barabara za matope kama hizi zetu, karibu na mpaka wetu.

Datsun 240Z ni motokari ya spoti: viti viwili, pua ndefu, mgongo unaoteremka mpaka nyuma. Kampuni ya Nissan iliionyesha Japani mwishoni mwa 1969 kwa jina la Fairlady Z. Aliyeisukuma zaidi ni Yutaka Katayama, mkuu wa Nissan huko Marekani, mzee aliyeishi mpaka 2015 na kufa akiwa na miaka 105. Alitaka motokari ambayo kijana mwenye mshahara wa kawaida ataweza kuinunua, isiyomlaza njiani kama motokari nyingi za spoti za Ulaya za wakati ule. Injini yake ilikuwa ya silinda sita, lita 2.4, na kabureta mbili. Fundi wa kijijini aliyezoea injini za zamani angeifungua leo na kuielewa bila kompyuta. Mpaka 1978 Nissan ilitengeneza zaidi ya nusu milioni za jamii hiyo, pamoja na ndugu zake 260Z na 280Z.

Lakini Mjapani wa mwaka 1970 alikuwa na shida moja: nani atamwamini? Ulaya na Marekani walisema motokari za Kijapani ni nyepesi kama mikebe. Ndiyo sababu Nissan ilikuja Nairobi.

Mashindano ya Safari yalianza 1953, Kenya, Uganda na Tanganyika zikiwa bado chini ya Waingereza. Yaliitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa malkia Elizabeth. Kuna jambo ambalo watu wa biashara watalipenda: mwaka ule wa kwanza motokari hazikugawanywa kwa ukubwa wa injini. Ziligawanywa kwa bei ya dukani. Za bei ya chini zilishindana zenyewe kwa zenyewe, za bei kubwa vilevile. Swali lilikuwa la mnunuzi: kwa pesa zangu hizi, nikinunua hii, itanifikisha? Kwa hiyo Safari ilikuwa soko kabla ya kuwa mchezo. Volkswagen ndogo ilishinda mwaka 1954, na wakulima na wafanyabiashara wa Afrika ya Mashariki wakajua la kununua. Baadaye ikawa zamu ya Ford, Mercedes, kisha Peugeot 404, ambayo ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Wazee wanaokumbuka 404 kwenye barabara za Kongo hawahitaji kuelezwa kwa nini watu waliipenda.

Mbio zilifanyika wakati wa Pasaka, mvua kubwa ikinyesha. Kilomita elfu kadhaa, usiku na mchana, vumbi likiisha matope yanaanza. Mwaka 1963 ni motokari saba tu zilizofika mwisho. Mwaka 1968, saba tena. Sisi tunaosafiri kutoka hapa kwenda Kasongo mwezi wa Aprili hatushangai sana, ila wao walifanya hivyo kwa kupenda!

Katika historia hiyo yote, hadithi inayonivutia kuliko zote ni ya motokari iliyouzwa mkono wa pili.

Joginder Singh alizaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932, mtoto wa fundi wa garaji. Alikua chini ya motokari za watu. Baadaye alifanya kazi ya doria katika chama cha wenye motokari cha Afrika ya Mashariki: kuzunguka barabarani na kusaidia waliokwama. Fikiria shule hiyo. Kila siku unaona kitu gani kinakatika, kwenye barabara gani, baada ya kilomita ngapi. Alipoanza mashindano alikuwa na miaka 26, lakini macho yake yalikuwa ya mzee.

Mwaka 1964 kiwanda cha Volvo cha Sweden kilileta kikosi chake kwenye Safari, na motokari aina ya PV544. Kwa umbo haikuwa ya spoti. Mgongo wake wa duara ulikuwa wa mtindo wa miaka ya arobaini. Ila injini yake ilikuwa na nguvu na chuma chake kigumu. Kikosi kilishindwa. Volvo haikutaka kurudi kwa nguvu ileile, na motokari zilizotumika zikauzwa hukohuko. Moja ikaingia mikononi mwa Joginder na ndugu yake Jaswant.

Mimi nikiwa mnunuzi wa kawaida ningeogopa. Motokari ya mashindano, iliyopigwa na mawe ya Safari, inayouzwa na wenyewe waliokata tamaa nayo: hapo mtu yeyote wa sokoni angesema kuna siri. Lakini Joginder hakununua kwa macho. Alijua kufungua, kukagua, kubadilisha kilichochoka na kuacha kilichokuwa kizima. Mwaka 1965 yeye na Jaswant walianza mbio wakiwa na nimero 1, nimero ambayo madereva waliiogopa kwa sababu anayetangulia ndiye anayefungua njia. Wakashinda, na motokari ile ile ambayo kiwanda kilikuwa kimeiachia. Joginder alishinda tena 1974 na 1976, akiwa na Mitsubishi Lancer. Alishiriki Safari mara 22 akafika mwisho mara 19. Alifariki London mwaka 2013.

Ukiniuliza thamani ya motokari iliyotunzwa inatoka wapi, nitakuonyesha Volvo hiyo. Kiwanda kiliona hasara. Fundi aliona chuma kizima.

Sasa turudi kwa Nissan. Mwaka 1970 ilishinda Safari na Datsun 1600 SSS, dereva Edgar Herrmann na msaidizi wake Hans Schüller. Mwaka uliofuata walileta 240Z. Wengi walisema motokari ya viti viwili, chini hivyo, itakwama kwenye mto wa kwanza. Herrmann na Schüller wakashinda tena, na nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z nyingine, ya kijana kutoka Uganda aitwaye Shekhar Mehta. Kwa watu wa matangazo ya biashara hiyo ilikuwa zawadi. Motokari ya spoti ya bei nafuu imepita mahali ambapo motokari za bei kubwa zimevunjika. Huhitaji kueleza zaidi.

Mehta alizaliwa mwaka 1945 katika familia tajiri ya Kihindi yenye mashamba huko Uganda. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke, akawapa siku 90. Watu waliacha nyumba, maduka, mashine, na motokari pia. Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu ni sehemu ya somo la bei ambayo hutaiona katika vitabu vya kukadiria motokari. Unaweza kuwa umetunza motokari yako miaka kumi, unabadilisha mafuta kwa wakati, unaiosha kila Jumamosi, una karatasi zote. Ukiwa na siku 90 za kuondoka nchini, na jirani yako anajua, bei si yako tena. Anayenunua anangoja tu. Siku ya 89 ataichukua bure.

Familia ya Mehta ilihamia Kenya. Pasaka ya 1973, miezi michache tu baada ya kupoteza nchi, Shekhar alirudi kwenye Safari na 240Z, akiwa na Lofty Drews. Mwisho wa mbio alikuwa na pointi za adhabu sawasawa kabisa na Harry Källström wa Sweden, aliyeendesha Datsun nyingine. Waamuzi wakaangalia nani alikwenda mbali zaidi bila kupata adhabu. Ni Mehta. Alishinda tena miaka minne mfululizo, 1979 mpaka 1982, na motokari nyingine za Datsun. Alifariki 2006.

Mwaka uleule 1973, upande wetu wa ziwa, kuna jambo lililofanana na la Amin. Tarehe 30 Novemba Mobutu alitangaza kwamba biashara, mashamba na mali nyingine za wageni zipite mikononi mwa Wazaire. Kwa Kifaransa iliitwa Zaïrianisation, na waliopewa waliitwa acquéreurs. Maduka ya Wagiriki, Wareno na Wahindi katika nchi nzima yaligeuka mali ya watu ambao wengi hawakuwa wamewahi kushika daftari la biashara. Malori na motokari zilihesabiwa ndani ya mali hiyo. Aliyepewa lori bila kulinunua hakujua vidanje yake ya mwisho ilikuwa lini, wala fundi gani alikuwa analijua. Liliendeshwa mpaka lilipolala, kisha likageuka mapiesi ya kuuzwa moja moja.

Na hiyo haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Waasi wa Simba walipopita Maniema mwaka 1964, motokari nzima ilikuwa hatari kwa mwenyewe, kwa sababu kila mwenye bunduki aliihitaji. Ikawa vilevile vita vya 1996 na 1998. Katika nchi kama hii, mwenye akili hatunzi motokari ing'are barabarani. Anaitumia haraka, anapata faida yake, anaiacha ife. Kwa hiyo watu wanaosema kwamba sisi Wakongo hatujui kutunza vitu, mimi siwakubali. Kutunza ni kuamini kwamba kesho kitu kitakuwa bado chako. Mmarekani aliyenunua 240Z mwaka 1970 na kuifunika kwa kitambaa garajini aliamini hivyo, na hakuna aliyemgongea mlango usiku.

Barabara nazo zina sehemu yao. Reli kutoka Kindu kwenda Kongolo inapita Samba, ng'ambo ya Lualaba, haifiki huku kwetu. Kila piesi, kila pine, kila dramu ya mafuta inakuja kwa lori, kwa pikipiki, au kwa baiskeli inayosukumwa na mtu. Motokari ya spoti yenye tumbo chini kama 240Z haiwezi kutembea kilomita tano hapa bila kuacha kitu njiani. Pikipiki ndiyo motokari yetu.

Basi tuangalie walivyofanya wale waliopata bei. Katikati ya miaka ya tisini Nissan huko Marekani ilikuwa na tatizo: Z mpya ilikuwa inaondolewa sokoni na watu walianza kuisahau. Kampuni ikafanya jambo la ajabu. Ikatafuta 240Z za zamani, ikazinunua kwa watu, ikazipeleka kwa mafundi wakazifungua mpaka chuma kitupu na kuzijenga upya, kisha ikaziuza yenyewe kwa wauzaji wake, karibu dola 25,000 kila moja. Kiwanda kinauza motokari yake ya mkono wa pili! Hazikufika hata 50, kwa sababu kazi ilikuwa ghali mno. Lakini soko liliona kwamba wenyewe walioitengeneza wanaithamini, na bei ya zile nyingine ikaanza kupanda polepole.

Mnunuzi wa 240Z leo anaanza na kutu. Motokari hizi zilikuwa na chuma chembamba, na kutu inapenda sakafu, sehemu ya chini ya betri, na pembe za mlango wa nyuma. Rangi mpya inayong'aa haimfurahishi mnunuzi mwenye ujuzi, inamtia wasiwasi. Atalala chini na taa. Atafungua boneti atafute kibao kidogo cha chuma chenye nimero ya chesi na nimero ya injini, alinganishe na zilizogongwa kwenye chuma chenyewe. Za Marekani zinaanza na herufi HLS30, zile za usukani wa kulia HS30. Nimero zikikubaliana, injini ni ile iliyozaliwa na motokari. Zisipokubaliana, bei inashuka, hata kama injini ya sasa ni bora. Mara ya kwanza kusikia hivyo niliona ni wazimu wa matajiri. Kisha nikaelewa kwamba wanachonunua ni uhakika.

Baada ya nimero ataomba karatasi. Risiti za garaji, daftari la matengenezo, barua ya mwenye kwanza, picha. Motokari mbili zinazofanana kama mapacha, moja ina boksi la karatasi, nyingine ina maneno ya mwenyewe tu: tofauti ya bei inaweza kuwa kubwa kuliko bei ya injini nzima. Muuzaji mzuri pia anaonyesha kasoro mwenyewe kabla ya kuulizwa. Akisema "hapa ilipigwa, hapa nilibadilisha", mnunuzi anaanza kuamini mengine yote.

Hapa Lusangi pikipiki inauzwa vingine. Mwenyewe anaipeleka kwa komisioneri. Komisioneri anaipaka mafuta ya kung'arisha, anabadilisha kitambaa cha kiti, anarudisha mita ya kilomita nyuma ikiwezekana. Mnunuzi anaiwasha, anasikiliza sauti kwa dakika mbili, anauliza kama ina karatasi. Mara nyingi karatasi ni moja, imekunjwa mara nane, jina lililoandikwa juu yake ni la mtu wa Bukavu ambaye hakuna anayemjua. Kwa kuwa hakuna anayeweza kuthibitisha kitu, pikipiki iliyotunzwa na iliyoteswa zinapata bei moja. Hapo ndipo mwenye kutunza anaumia. Wanamoto wengi waliniambia waziwazi: kwa nini nibadilishe mafuta kila mwezi, kama siku ya kuuza watanilipa sawa na yule asiyebadilisha?

Swali lao ni la haki, na kipindi kimoja cha redio hakitoshi kulijibu. Wengine wamenunua pikipiki kwa pesa za mavuno mawili ya mpunga, au kwa pesa za kikundi cha akiba, na injini ikafa kabla ya mvua kuisha. Familia nzima inabaki na deni la kitu kilicholala chini ya mwembe. Hatuna ofisi ya kukagua. Fundi ndiye ofisi yetu, na fundi anakumbuka, lakini haandiki.

Kuna baba mmoja hapa, mwalimu mstaafu, ambaye miaka yote alikuwa na TVS moja tu. Ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya kiti, aliweka daftari la shule. Tarehe, kazi iliyofanyika, franka alizolipa, na jina la fundi pembeni. Mnyororo, pete za pistoni, mapine, vidanje, yote. Hata siku alipoanguka mtoni aliandika, na taa iliyovunjika siku hiyo. Wanamoto walimcheka, wakamwita kalani. Mwaka jana miguu ilipomshinda alisema anaiuza. Aliyeinunua alikuwa mmoja wa mafundi walioandikwa humo, na hakuomba apunguziwe. Aliomba tu daftari libaki na pikipiki.